Ridhaa ya Nani? Uganda na Mikataba ya Tabianchi, 1992–2021, Ikitazamwa Kutoka Walukuba na Mbale

Ikisiri

Uganda iliridhia Mkataba wa Mfumo wa Umoja wa Mataifa kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi mwaka 1993, ikajiunga na Itifaki ya Kyoto mwaka 2002, na ikaridhia Mkataba wa Paris mwaka 2016. Mara zote tatu iliwatangulia jirani zake, Kenya na Tanzania. Makala haya yanachunguza chanzo cha wepesi huo na matokeo yake katika sehemu mbili za mashariki mwa nchi: Walukuba, mjini Jinja, na Mbale pamoja na milima iliyo juu yake. Yanadai kwamba wepesi huo ulitokana na ufupi wa njia ya kikatiba kuliko uzito wa dhamira, na kwamba kwa muda wa miaka 28 ridhaa iliyotolewa kwa niaba ya wananchi haikuwapa wananchi hao sheria ya kushika mkononi.

1.0 Saini, ridhaa na tarehe

Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu Mazingira na Maendeleo ulifanyika Rio de Janeiro kuanzia tarehe 3 hadi 14 Juni 1992. Kenya na Tanzania zilitia saini Mkataba wa Mfumo tarehe 12 Juni. Uganda ilitia saini siku iliyofuata. Utaratibu huo uligeuka mara tu wajumbe waliporejea makwao. Uganda iliwasilisha hati yake ya uridhiaji tarehe 8 Septemba 1993. Kenya iliwasilisha yake tarehe 30 Agosti 1994, wakati mkataba ulikuwa umekwisha kuanza kutumika tangu tarehe 21 Machi mwaka huo, na Tanzania ikafuata tarehe 17 Aprili 1996.

Hali ilijirudia kwa Itifaki ya Kyoto. Uganda ilijiunga tarehe 25 Machi 2002, Tanzania tarehe 26 Agosti mwaka huohuo, na Kenya tarehe 25 Februari 2005, siku tisa baada ya itifaki hiyo kuanza kutumika. Mkataba wa Paris uliokubaliwa mwezi Desemba 2015 uliridhiwa na Uganda tarehe 21 Septemba 2016, na Kenya tarehe 28 Desemba 2016, na Tanzania tarehe 18 Mei 2018. Rwanda nayo ilifanya hivyo tarehe 6 Oktoba 2016, majuma mawili tu baada ya Uganda. Tukio linapotokea mara tatu katika muda wa miaka 23 haliwezi kuelezwa kama bahati.

Kabla ya kutafuta maelezo, inafaa kutenganisha maneno ambayo matumizi ya kila siku huyachanganya. Kutia saini ni kuonyesha nia. Nchi iliyotia saini haijafungwa na masharti ya mkataba, ingawa haitarajiwi kuuvunja shabaha. Kuridhia ni kujifunga, nako hukamilika hati inapopokewa na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa aliye mtunzaji wa mikataba hii. Kujiunga kuna nguvu ileile ya kuridhia, ila ni njia ya nchi ambayo haikutia saini wakati dirisha la saini lilipokuwa wazi. Kwa Kyoto dirisha hilo lilifungwa mwezi Machi 1999 bila saini ya Uganda; ndiyo sababu kumbukumbu za mwaka 2002 zinasema Uganda ilijiunga, wala hazisemi iliridhia.

Kiswahili kimetoa kwa tendo hili la kidiplomasia neno lenye uzito wa kiutu. Ridhaa ni ya moyo. Katika ndoa anaulizwa bibi harusi mwenyewe, na walii hawezi kuwa na moyo badala yake. Katika mikataba ya mataifa, walii ndiye anayeulizwa na ndiye anayejibu. Swali la nani hasa aliyeridhia limo basi ndani ya istilahi yenyewe, hata kama waliolisanifu neno hilo kwa matumizi ya kisheria hawakulikusudia. Hapana budi kuongeza kwamba mikataba yote mitatu ina matini halali katika lugha sita: Kiarabu, Kichina, Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na Kihispania. Raia wa Uganda, ambayo katiba yake iliyorekebishwa mwaka 2005 inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, hana matini halali kwa Kiswahili, wala kwa Lusoga, wala kwa Lugisu.

2.0 Njia fupi

Mwaka 1993 Uganda ilikuwa bado chini ya Katiba ya 1967, na Baraza la Taifa la Ukombozi, lililojulikana kwa herufi NRC, ndilo lililoshika nafasi ya Bunge. Nchi ilishughulika na mambo mazito zaidi machoni pa watu wake: falme zilizofutwa mwaka 1967 zilikuwa zinarejeshwa, na maandalizi ya uchaguzi wa Bunge la Katiba wa mwaka 1994 yalikuwa yamepamba moto. Mkataba kuhusu gesijoto, katika nchi ambayo viwanda vyake vingi vilikuwa vimedorora tangu miaka ya 1970, haukuwa na wa kuupinga.

Katiba ya 1995 iliweka msingi ulio wazi zaidi. Ibara ya 123 inampa Rais, au mtu aliyeidhinishwa naye, mamlaka ya kufanya mikataba na mataifa mengine, na inaliagiza Bunge kutunga sheria ya kusimamia uridhiaji. Bunge lilitunga Sheria ya Uridhiaji wa Mikataba mwaka 1998, na kwa sheria hiyo likajitoa lenyewe katika sehemu kubwa ya kazi. Mikataba huridhiwa na Baraza la Mawaziri. Bunge huhitajika kupitisha azimio pale tu mkataba unapohusu kusitisha vita, kutofungamana katika vita au amani, au pale Mwanasheria Mkuu wa Serikali anapothibitisha kwa maandishi kwamba utekelezaji wake utalazimu kurekebisha Katiba. Kwa mikataba mingine yote, Bunge huletewa nakala. Wala Kyoto wala Paris haikuwa ya vita, na hakuna iliyogusa Katiba.

Tanzania ilikuwa na mlango mwingine. Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba yake inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Mkataba unapaswa kuandaliwa azimio, kupitia kamati, kusubiri mkutano wa Bunge na kupata zamu katika ratiba. Miezi 20 iliyopita kati ya hati ya Uganda na hati ya Tanzania kuhusu Mkataba wa Paris ina sehemu yake humo. Kenya tangu Katiba ya 2010 inakaribia upande huo: ibara ya 2(6) inaufanya mkataba ulioridhiwa kuwa sehemu ya sheria za nchi, na sheria ya mwaka 2012 kuhusu kufanya na kuridhia mikataba ikalirudisha Bunge mezani. Maelezo haya hayatoshi kwa Kenya ya kabla ya 2010, ambayo serikali yake nayo iliweza kuridhia bila Bunge na bado ilichukua muda mrefu kuhusu Kyoto. Hata hivyo yanatosha kuonya dhidi ya kusoma tarehe za uridhiaji kama kipimo cha ari. Nchi ambayo mlango wake unafunguliwa na watu wachache itatoka mapema, awe mwenye nyumba ana haraka au hana.

Jambo la pili lililorahisisha uamuzi ni kwamba masharti yalikuwa mepesi. Mkataba wa Mfumo uliyagawa mataifa: yale yaliyoorodheshwa katika kiambatisho cha kwanza, yaani nchi zenye viwanda, yalibeba wajibu wa kupunguza gesijoto, mengine, Uganda ikiwamo, yalibeba hasa wajibu wa kutoa taarifa na kupanga. Taarifa ya kwanza ya Uganda ilitoka mwezi Oktoba 2002, miaka tisa baada ya uridhiaji, na ya pili mwaka 2014. Kyoto ilishikilia mgawanyo huohuo. Ilihitaji nchi 55, na miongoni mwao nchi za viwanda zilizotoa asilimia 55 ya hewa ya ukaa ya kundi lao mwaka 1990. Hati ya Uganda ilihesabiwa katika sharti la kwanza na haikuwa na uzito wowote katika la pili. Baada ya Marekani kujitoa mwaka 2001, wote walibaki wakiingojea Urusi, iliyoridhia mwishoni mwa 2004.

Mkataba wa Paris ulibadilisha hesabu hiyo: safari hii gesijoto za kila nchi ziliingia kwenye mizani, hata zile za nchi ndogo. Tarehe 21 Septemba 2016, mjini New York, nchi 31 ziliwasilisha hati zao kwa pamoja katika hafla iliyoitishwa na Katibu Mkuu Ban Ki-moon. Uganda ilikuwa mojawapo. Siku hiyo idadi ya nchi ilifika 60, ikivuka sharti la 55, huku mizani ya gesijoto ikikaribia asilimia 48. Mkataba ulianza kutumika tarehe 4 Novemba. Katika ahadi yake ya kwanza Uganda ilijipangia kupunguza gesijoto kwa asilimia 22 ifikapo 2030, ikilinganishwa na kiwango ambacho kingefikiwa bila hatua zozote, na ikaeleza kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ingetegemea msaada wa nje. Ahadi iliyorekebishwa mwaka 2022 ilipandisha kiwango hicho hadi asilimia 24.7.

Ndani ya nchi hati hizi zilibaki mahali pa ajabu. Uganda hufuata mapokeo ya sheria ya Kiingereza, ambayo kwayo mkataba huifunga serikali mbele ya mataifa mengine lakini hauwi sheria ya nchi mpaka Bunge liutungie sheria. Sera ya Taifa ya Mabadiliko ya Tabianchi ilikamilishwa mwaka 2015. Sheria ilikuja mwaka 2021. Kenya, iliyotanguliwa na Uganda mara zote tatu katika kuwasilisha hati, ilikuwa na Sheria yake ya Mabadiliko ya Tabianchi tangu mwaka 2016.

3.0 Walukuba: Kyoto yafika jaani

Walukuba ni mtaa wa wafanyakazi. Ulijengwa na serikali ya kikoloni katika miaka ileile ambayo Jinja ilikuwa inageuzwa kuwa mji wa viwanda, pembeni mwa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili tarehe 29 Aprili 1954. Umeme wa bwawa hilo uliendesha kiwanda cha nguo na tanuri la kuyeyushia shaba iliyoletwa kwa reli kutoka Kilembe, na wafanyakazi wake walitoka pande nyingi za Uganda na hata ng'ambo ya mpaka wa Kenya. Upande wa ziwa mtaa huo unapakana na Masese, penye mwalo wa wavuvi na makazi ya watu wenye kipato cha chini zaidi. Katika iliyokuwa Manispaa ya Jinja sehemu hizo mbili zilikuwa tarafa moja, Walukuba–Masese. Viwanda vilipodorora, nyumba zilibaki, na watu wakaongezeka. Taka nazo ziliongezeka.

Kwa Walukuba, uamuzi wa Machi 2002 ulipata umbo la kuonekana kwa macho miaka minane baadaye, nalo lilikuwa umbo la lundo la taka. Kyoto ilikuwa imeunda Mfumo wa Maendeleo Safi, ambao kwao nchi tajiri ingeweza kununua upunguzaji wa gesijoto uliofanyika katika nchi maskini na kuuhesabu kama wake. Nchi isiyokuwa mwanachama wa itifaki haikuweza kuuza chochote. Hapa ndipo hati ya 2002, ambayo haikuwa na uzito katika mizani ya kuianzisha itifaki, ilipopata thamani ya kibiashara.

Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, ikishirikiana na Benki ya Dunia, iliandaa programu ya kutengeneza mboji kutokana na taka za miji, ikasajiliwa chini ya mfumo huo mwaka 2010. Ilikuwa programu ya mwavuli: Jinja na Mbale zilikuwa miongoni mwa manispaa za mwanzo, pamoja na Fort Portal, Kabale, Kasese, Lira, Mbarara, Mukono na Soroti. Kwa Jinja kazi ilipelekwa Masese.

Kanuni yake ni nyepesi. Taka za jikoni na sokoni, maganda ya ndizi na matoke, majani na mabua, zikirundikwa na kufukiwa huoza bila hewa na kutoa methani, gesi inayonasa joto mara nyingi zaidi ya hewa ya ukaa. Zikitandazwa kwa matuta marefu na kugeuzwa mara kwa mara, hewa hupenya, methani hupungua, na mwisho hupatikana mboji ya kuuzia wakulima. Tani ya hewa ya ukaa iliyoepukwa huandikiwa cheti, na cheti huuzwa. Kila kituo kilisanifiwa kupokea tani 70 za taka kwa siku. Miji ya Uganda ilifaa sana kwa mpango huu kwa kuwa sehemu kubwa ya taka zake ni mabaki ya vyakula. Katika jambo hili umaskini wa mlaji ulikuwa utajiri wa muuzaji.

Ni vyema kuusifu mpango huu kwa jambo moja kabla ya kuutia dosari. Haukuwa mradi wa hotuba. Ulitoa matrekta ya kubebea taka, ukawapa wakazi wachache kazi ya kuchambua na kugeuza, na ukaiweka huduma ambayo halmashauri za miji zilikuwa zimeshindwa kuitoa kwa miongo kadhaa. Lakini uliitegemeza huduma hiyo ya lazima kwenye bei iliyopangwa mbali na Jinja. Cheti kilichouzwa kwa zaidi ya yuro 20 katikati ya mwaka 2008 kilikuwa chini ya yuro moja kufikia mwisho wa 2012, kwa sababu ya mdororo wa uchumi wa Ulaya, wingi wa vyeti sokoni, na mashaka kuhusu hatima ya Kyoto yenyewe baada ya kipindi chake cha kwanza kumalizika mwaka huo. Ulaya iliamua kwamba miradi mipya itakayokubaliwa baada ya 2012 itoke katika nchi zilizo nyuma kabisa kimaendeleo, na Uganda ni mojawapo. Upendeleo huo ulifika wakati bidhaa yenyewe haina bei. Taka hazikungoja soko lipone.

Kilomita chache chini ya bwawa la zamani, ambalo sasa huitwa Nalubaale, itifaki hiyohiyo ilifika kwa sura ya fahari zaidi. Bwawa la Bujagali lenye uwezo wa megawati 250 lilikamilika mwaka 2012, nalo pia likasajiliwa katika Mfumo wa Maendeleo Safi. Maporomoko ambayo Wasoga huyaheshimu kama makao ya mzimu wa Budhagaali yalizama. Kuhusu bwawa hilo ridhaa ilijadiliwa kwa miaka mingi, kwa matambiko na kwa mawakili. Kuhusu Itifaki ya Kyoto, iliyolipa bwawa hilo sifa ya usafi, hakuna mwana Jinja aliyeulizwa.

Jinja ina shahidi mwingine wa tabianchi ambaye ni mzee kuliko mikataba yote: kipimo cha kina cha maji ya ziwa. Tangu bwawa lijengwe, kipimo hiki ndicho kilichoamua, kwa kanuni iliyokubaliwa kati ya Uingereza na Misri, kiasi cha maji kitakachoachiwa kuingia mto Nile, na mhandisi wa Misri aliwekwa Jinja kuangalia kanuni hiyo ikifuatwa. Huo nao ulikuwa mkataba wa kimataifa, tena wenye meno. Katika miaka ya 2003 hadi 2006 ziwa lilishuka sana. Ukame ulikuwa sababu moja. Sababu nyingine, kama wanahaidrolojia walivyoonyesha, ilikuwa maji mengi kupita kanuni yaliyoachiwa ili kuzalisha umeme. Kisha mvua za mwisho wa 2019 na mwanzo wa 2020 zikalijaza ziwa. Mwezi Aprili 2020 kisiwa cha mimea kinachoelea kiliivamia mitambo ya Nalubaale na kuzima umeme wa nchi. Mwezi Mei kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42, sentimita moja juu ya rekodi ya Mei 1964, na maji yakaingia katika miialo na nyumba za ukingoni.

Mfano huu unafaa kukumbukwa na wale wanaotaka kuiandika historia ya tabianchi kama historia ya kosa moja na mkosaji mmoja. Kushuka kwa ziwa mwaka 2006 kulikuwa na mkono wa mtu aliyeshika lango la bwawa. Kupanda kwake mwaka 2020 kulikuwa na mvua ambazo hata miaka ya 1961 hadi 1964 zilipata kunyesha. Mvuvi aliyepoteza kibanda chake Masese hawezi kuthibitisha ni sehemu gani ya maji yale ililetwa na moshi wa viwanda vya mbali. Mkataba ulioridhiwa mwaka 1993 haukumpa pa kulipeleka swali hilo.

4.0 Mbale: kutoka mlimani hadi mahakamani

Mbale iko chini ya Mlima Elgon, ambao Wagisu huuita Masaba. Miteremko yake ina udongo wa rutuba na kahawa bora. Ndiyo iliyoupa utajiri Muungano wa Vyama vya Ushirika wa Bugisu tangu miaka ya 1950. Ina pia wakazi wengi kuliko inavyoweza kuwabeba, na udongo mzito unaokunywa maji mpaka ukashindwa kujishikilia. Tarehe 1 Machi 2010 ardhi iliporomoka Nametsi, wilayani Bududa, ikafukia makazi, soko na kituo cha afya pamoja na watu waliokuwa wamekimbilia humo kujikinga na mvua. Waliopotea walihesabiwa kwa mamia, na wengi hawakupatikana. Baadhi ya manusura walihamishiwa Kiryandongo, ng'ambo ya nchi, penye ardhi tambarare isiyo na migomba ya mababu. Mwezi Oktoba 2018 mto uliojaa mawe na matope ulishuka Bukalasi na kuua watu zaidi ya 40. Mwezi Desemba 2019 Bududa iliporomoka tena.

Msaada uliofika kwa jina la tabianchi ulipita njia nyingi, na mojawapo inastahili kutajwa kwa kuwa inapindua mantiki ya uridhiaji. Wales, nchi iliyo ndani ya Uingereza na isiyokuwa na kiti chake katika mikataba hii, iliingia ushirika na eneo la Mbale na kugharimia upandaji wa miti katika miteremko ya Elgon. Miti milioni 10 ya mwanzo ilikamilika mwaka 2019. Serikali isiyo na hati yoyote kwa Katibu Mkuu ilionekana shambani mwa mkulima wa Bugisu kuliko mataifa mengi yenye hati.

Njia ya pili ilikuwa mahakama. Mwaka 2012 watoto wanne, kwa msaada wa shirika la Greenwatch, waliishtaki Serikali pamoja na NEMA katika Mahakama Kuu. Walidai kwamba dola ni mdhamini wa maliasili kwa niaba ya vizazi, kwamba ibara ya 39 ya Katiba inampa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya, na kwamba kushindwa kuchukua hatua kuhusu tabianchi ni kuvunja udhamini huo. Mahakama iliwaelekeza wahusika katika usuluhishi. Inavutia kwamba NEMA, iliyokuwa mdaiwa katika shauri hili, ndiyo iliyokuwa ikisimamia matuta ya mboji ya Jinja na Mbale kwa jina la Kyoto. Chombo kimoja kilikuwa mtekelezaji wa mkataba na mshtakiwa wa kutoutekeleza.

Mwezi Oktoba 2020 zaidi ya wakazi 40 wa Bududa walifungua shauri katika Mahakama Kuu, Mbale, dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, NEMA na serikali ya wilaya yao. Msingi wa madai yao unaonyesha wazi pengo ambalo makala haya yanalizungumzia. Hawakuegemea Paris kama sheria, kwa kuwa haikuwa sheria. Waliegemea haki ya kuishi na haki ya mazingira safi, na juu ya hizo lengo la taifa lililoandikwa mwanzoni mwa Katiba, linaloiagiza dola kuunda mfumo madhubuti wa kukabiliana na maafa ya asili. Walidai kwamba dola ilijua miteremko ile itaporomoka, kwa kuwa ilikwisha kuporomoka, na haikuunda mfumo huo. Watu wa mlimani walilazimika kurudi kwenye Katiba ya 1995 kutafuta walichokikosa katika hati tatu zilizowasilishwa New York kwa jina lao.

Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha Sheria ya Taifa ya Mabadiliko ya Tabianchi. Sheria hiyo inaipa nguvu ya kisheria nchini Uganda mikataba yote mitatu, Mkataba wa Mfumo, Itifaki ya Kyoto na Mkataba wa Paris, ikiikusanya kwa mara moja baada ya miaka 28, 19 na mitano. Kyoto iliingizwa wakati kipindi chake cha pili cha ahadi kilikuwa kimekwisha tangu Desemba 2020, kama mgeni aliyekaribishwa ndani baada ya karamu kuondolewa. Kifungu chenye uzito zaidi hakihusu gesi. Kinamruhusu mtu kwenda Mahakama Kuu kuomba nafuu dhidi ya Serikali, mtu binafsi au kampuni ambayo kitendo chake, au kutotenda kwake, kunatishia juhudi za kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi au kuyapunguza. Kwa mara ya kwanza ridhaa ya Serikali ilipata upande wa pili: mtu anayeweza kuidai.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, sheria hiyo ikiwa na takribani mwaka mmoja, mvua ilinyesha mlimani, na mito ya Nabuyonga na Namatala ikavunja kingo zake ndani ya Jiji la Mbale. Watu zaidi ya 20 walikufa, mabomba ya maji safi yalikatika, na magari yalibebwa na mkondo pamoja na abiria wao. Mitaa iliyofurika iko umbali mfupi kutoka Mahakama Kuu ambako shauri la Bududa lilifunguliwa.